Jimbo Lililovuka Mto

Ukiitazama ramani ya mji wa Berlin, msomaji, utauona mto Spree ukipita katikati ya nyumba na viwanda. Kaskazini ya mto, upande wa mashariki, uko mtaa wa Friedrichshain. Ng'ambo yake, kusini, uko mtaa wa Kreuzberg. Mitaa hii huunganishwa na daraja la matofali mekundu lenye minara miwili, liitwalo Oberbaumbrücke, lililojengwa kati ya mwaka 1894 na 1896. Mwenye miguu mizima hulivuka kwa dakika chache. Leo wakazi wa pande zote mbili humchagua mbunge mmoja. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilichukua miaka mingi kufikiwa, na habari yake yafaa kusimuliwa.

Mnamo Agosti 13, 1961, serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilianza kuujenga Ukuta uliougawa mji. Friedrichshain ikabaki Mashariki na Kreuzberg ikabaki Magharibi. Kwa muda wa miaka 28 daraja lile halikuvukwa na mtu ila mwenye kibali, naye alivuka kwa miguu, chini ya macho ya askari. Tena mpaka haukupita katikati ya maji kama mtu awezavyo kudhani. Mto wote ulihesabiwa kuwa wa Mashariki, hata ukingo wa Kreuzberg. Mtoto aliyecheza ukingoni akateleza, aliangukia katika nchi nyingine.

Hayo hayakuwa mambo ya kuwaza tu. Kati ya mwaka 1966 na 1975 watoto watano wa Kreuzberg walikufa maji mahali pale. Zaidi ya mara moja wazima moto wa Magharibi walisimama ukingoni na vyombo vyao vya kuokolea, wasithubutu kujitosa kwa kuchelea risasi za walinzi wa ng'ambo. Wa mwisho wa watoto hao alikuwa wa jamaa ya Kituruki. Alikufa Mei 1975, siku ile ile aliyotimiza umri wa miaka mitano. Oktoba mwaka huo ndipo wakubwa wa pande mbili walipotia sahihi mapatano ya kuokoa watu majini. Mapatano ya maneno machache yalihitaji watoto watano!

Ukingo huo una habari nyingine inayotuhusu sisi Waafrika. Zamani ulipewa jina la Otto Friedrich von der Groeben, aliyejenga ngome ya Wajerumani katika pwani ya Ghana mwaka 1683, ngome iliyotumika katika biashara ya watumwa. Mwaka 2010 jina hilo liliondolewa, na ukingo ukaitwa kwa jina la May Ayim, mshairi wa Kijerumani ambaye baba yake alikuwa Mghana.

Sasa tuje kwenye kura. Usidhani kwamba watu wa Kreuzberg, kwa kuwa walikaa upande ulioitwa huru, walikuwa na kura kamili. Mataifa yaliyoshinda vita mwaka 1945 hayakukubali Berlin ya Magharibi iwe sehemu halisi ya Ujerumani ya Magharibi. Kwa hiyo raia wake hawakuchagua wabunge wa Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani. Baraza la mji ndilo lililopeleka wajumbe 22. Wajumbe hao waliweza kusema, wala hakuna aliyewaziba vinywa, lakini kura zao hazikuhesabiwa katika kupitisha sheria wala katika kumchagua mkuu wa serikali. Na jirani zao Waturuki, waliokuja kufanya kazi baada ya mapatano ya mwaka 1961, hawakuwa hata na hiyo sauti ndogo, maana hawakuwa raia.

Ng'ambo ya mto watu walipiga kura mara kwa mara, walakini karatasi ilikuwa na orodha moja tu ya majina. Mei 7, 1989, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji, wananchi wenye moyo waliingia katika vituo vya Berlin ya Mashariki, Friedrichshain ikiwa mojawapo, wakasimama kushuhudia hesabu, wakaandika tarakimu walizozisikia. Serikali ilipotangaza kwamba asilimia 98.85 ya wapiga kura wameikubali orodha, wao walijumlisha tarakimu zao wakaona uongo. Kwa maoni yangu kazi ile ya kalamu na karatasi yastahili kukumbukwa sawa na usiku wa Novemba 9 mwaka ule, Ukuta ulipofunguka, ingawa haina picha za kupendeza.

Desemba 2, 1990, Berlin nzima iliwachagua wabunge wake. Mto, hata hivyo, ulibaki mpaka wa kura: Friedrichshain iliunganishwa na Lichtenberg, mtaa mwenziwe wa Mashariki, na Kreuzberg ikaunganishwa na Schöneberg ya Magharibi. Mwaka 1994 na 1998 Friedrichshain na Lichtenberg zilimchagua Christa Luft wa chama cha PDS, kilichorithi chama tawala cha zamani cha Mashariki. Hapa inakupasa kujua sheria yao. Kila Mjerumani hupiga kura mbili: moja kwa mbunge wa jimbo, ya pili kwa chama. Chama kisichopata asilimia 5 ya kura za pili hakigawiwi viti kwa kadiri ya kura hizo, isipokuwa kimeshinda majimbo matatu. Mwaka 1994 PDS ilipata asilimia 4.4 tu, lakini ilishinda majimbo manne, yote Berlin ya Mashariki, ikaingia na wabunge 30.

Januari 2001 mitaa 23 ya Berlin ilifanywa 12, na Friedrichshain ikaozwa kwa Kreuzberg. Wakati huo huo majimbo ya nchi yalipunguzwa kutoka 328 hadi 299. Kwa uchaguzi wa 2002, basi, likapatikana jimbo lililovuka mto, pamoja na kipande cha mashariki cha mtaa wa Prenzlauer Berg.

Mshindi wa kwanza alikuwa Hans-Christian Ströbele, mwanasheria mzee mwenye nywele nyeupe na baiskeli. Novemba 2001 alikuwa miongoni mwa wabunge wanne wa Chama cha Kijani waliokataa kumwunga mkono Gerhard Schröder, mkuu wa serikali yao wenyewe, kwa sababu ya kupeleka askari Afghanistan. Chama chake hakikumpa nafasi ya kutegemewa katika orodha, hivyo hakubakiwa na njia ila kulishinda jimbo. Alilishinda kwa asilimia 31.6, akawa mtu wa kwanza wa chama hicho kupata jimbo katika Bundestag. PDS, iliyolitumainia jimbo hilo pia, ilipata asilimia 4.0 na majimbo mawili, basi ikabaki na wabunge wawili tu. Schröder alirudi madarakani kwa viti 306 kati ya 603. Kama PDS ingalipata jimbo la tatu, wingi huo mwembamba ungalikuwa hatarini. Na mmoja wa waliomzuilia njia ni yule yule aliyemkaidi.

Ströbele alishinda tena mwaka 2005, 2009 na 2013. Alipostaafu, jimbo lilimchagua Canan Bayram wa chama chake, mwanasheria mzaliwa wa Uturuki, mwaka 2017 na 2021. Mwaka 2025 kiti kilikwenda kwa Pascal Meiser wa chama cha Die Linke, kilichotokana na PDS. Kwa sheria mpya ya mwaka 2023 kushinda jimbo hakutoshi tena, iwapo kura za pili za chama hazikufikia viti hivyo. Washindi 23 wa majimbo mbalimbali walikosa viti kwa ajili hiyo. Meiser hakuwa miongoni mwao, kwani chama chake kilipata asilimia 8.8 katika nchi nzima.