Kutoka Pumziko hadi Kipimo: Mazoezi ya Mwili baada ya Tiba ya Saratani katika Mazingira ya Makoko, Musoma

Mazoezi katika kipindi cha kupona baada ya tiba ya saratani ni shughuli ya mwili iliyopangwa kwa kipimo: aina yake, muda wake, uzito wake na idadi ya siku zake kwa wiki hujulikana kabla haijaanza. Hapo ndipo yanapotofautiana na kazi za kila siku, ambazo kipimo chake huamuliwa na mahitaji ya nyumba. Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria, tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Wakazi wake wengi hawakosi kazi ya kuutaabisha mwili: kuna maji ya kubeba, dagaa wa kuanika na kuanua, nyavu za kuvuta na mihogo ya kupalilia. Mgonjwa anayerudi nyumbani hujikuta kati ya shauri la kupumzika kabisa na ulazima wa kuzirudia kazi hizo zote kwa mkupuo. Makala hii inatetea njia ya tatu: kazi zilezile zigawanywe na kupimwa hadi ziwe tiba.

Shauri la kupumzika lina asili yake katika huruma. Mgonjwa hurudi amekonda, hana hamu ya kula, na uchovu wake ni mzito. Lakini uchovu wa saratani si ule wa jembe. Wa jembe huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Wa saratani mtu huamka nao asubuhi, na unaweza kudumu miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Ugonjwa na dawa hupunguza nyama ya mwili na nguvu ya moyo na mapafu, na kulala muda mrefu huzidi kuvipunguza. Matokeo yake ni mzunguko: anayechoka hulala, anayelala hudhoofika, na aliyedhoofika huchoka kwa kazi ndogo zaidi. Mazoezi huukata mzunguko huo kwa sababu msuli unaotumiwa hujengeka upya, na moyo uliozoezwa hufanya kazi ileile kwa jasho dogo zaidi.

Ushahidi wa jambo hili umekua haraka. Mwaka 2019 jopo la wataalamu lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilieleza kwamba mazoezi ya kuongeza pumzi ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona, na kuboresha uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Kwa manufaa mengi kati ya hayo, mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki huongezwa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la CHALLENGE, lililowafuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kupewa kemotherapia. Baada ya miaka 8, asilimia 90.3 ya waliowekwa katika mpango wa mazoezi wa miaka 3 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 83.2 ya waliopewa vijitabu vya elimu ya afya. Matokeo hayo ya uhai hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi au ya umio mkoani Mara. Manufaa dhidi ya uchovu, hata hivyo, yameonekana katika aina nyingi za saratani.

Kipimo hakihitaji mashine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni mzigo wa kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Mwanamke aliyepona kidonda cha upasuaji wa titi, na kuruhusiwa na daktari, anaweza kuanza na chupa ya nusu lita mkononi, akiinyanyua na kuishusha polepole mara 10, kisha akapumzika na kurudia. Mkono usipouma wala kuvimba, baada ya wiki kadhaa chupa huwa ya lita moja, halafu dumu dogo la lita 3, na kuendelea. Utaratibu huu una msingi wa utafiti. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 nchini Marekani liliwahusisha wanawake 141 waliokuwa na uvimbe wa mkono baada ya tiba ya saratani ya titi. Walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki kwa kuongeza uzito kidogo kidogo hawakuvimba zaidi ya wenzao wasionyanyua. Nguvu zao ziliongezeka, na uvimbe ulizidi ghafla mara chache kuliko kwa wenzao. Kwa hiyo shauri la kutobeba kitu maisha yote linaukosesha mkono nguvu unazohitaji, na ndoo iliyojaa katika wiki ya kwanza inauhatarisha.

Kutembea kunapimwa vivyo hivyo. Njia ya kuelekea ufukweni inaweza kugawanywa kwa miti na nyumba: siku za mwanzo hadi mti wa kwanza na kurudi, kisha hadi wa pili, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Shabaha ya baadaye ni dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unakitaja pia kwa watu waliopona saratani. Anayeweza dakika 5 tu huanza na hizo.

Tahadhari hufuata aina ya tiba. Doksorubisini, dawa ya kemotherapia, inaweza kudhoofisha moyo. Vinkristini, dawa nyingine ya aina hiyo, huweza kuondoa hisia nyayoni, na anayetembea pekupeku juu ya mawe hujikata bila kujua. Mionzi ya nyonga inaweza kudhoofisha mifupa, na saratani iliyofika mifupani hukataza mizigo hadi daktari aseme. Homa, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kutokwa damu au mguu mmoja kuvimba ghafla ni sababu za kuacha mara moja na kwenda hospitali. Kuogelea ziwani hakufai kwa mwenye kidonda au kinga iliyoshuka, na hatari ya kichocho ipo kwa wote.

Wajibu wa kuweka kipimo hauwezi kuachiwa mgonjwa peke yake. Tiba ya mionzi ya Kanda ya Ziwa hutolewa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na wengine hufika hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Umbali huo hufanya karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitalini kuwa kiungo muhimu kati ya daktari na nyumbani. Inafaa iandikwe, chini ya dawa, dakika za kutembea, uzito wa kuanzia, kiasi cha kuongeza kwa wiki na dalili za kuacha. Inafaa pia isomwe mbele ya ndugu waliomsindikiza mgonjwa, kwa kuwa ndio watakaobeba ndoo kubwa wakati yeye akijenga nguvu kwa dumu dogo.