Daktari Aliyefariki Siku ya Pasaka

Leo tunamkumbuka Jérôme Lejeune, daktari wa watoto wa Ufaransa. Mwaka 1959 yeye na wenzake wa Paris walitangaza kwamba watoto wenye ulemavu wa Down wana kromosomu 47 badala ya 46. (Tusimnyime haki yake Marthe Gautier, aliyeotesha chembe zilizochunguzwa.) Wazazi waliosingiziwa maisha machafu wakaondolewa aibu.

Lakini elimu ileile ikaja kutumika kuwatambua watoto hao tumboni ili wasizaliwe. Jambo hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1969, huko San Francisco, alipopewa tuzo kubwa ya wataalamu wa elimu ya urithi, aliwatetea wasiozaliwa mbele ya wataalamu haohao. Tangu hapo akapoteza marafiki. Wagonjwa wake wadogo hakuwaacha.

Februari 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimteua rais wa kwanza wa Taasisi ya Kipapa ya Maisha. Akafariki tarehe 3 Aprili, Dominika ya Pasaka. Agosti 1997 Papa alikwenda kusali kaburini kwake, Chalo-Saint-Mars, ingawa wako Wafaransa walionung'unika.