Plagi, Taa na Namba

Bajaji zinazofuata Barabara ya Nyerere kutoka Mabatini hadi Igoma ni uzao wa pikipiki iliyoongezewa gurudumu. Skuta ya Vespa ilitoka Italia mwaka 1946. Miaka miwili baadaye kampuni hiyohiyo ya Piaggio, pamoja na mhandisi wake Corradino D'Ascanio, ikatoa Ape: mbele Vespa, nyuma ekseli ya magurudumu mawili na bodi ya mzigo. Miaka ya 1960 Bajaj ya India ikaunda vyombo vya namna hiyo kwa ushirikiano na Piaggio. Kwa hiyo mchomeleaji wa Nyakato anayekata mkia wa pikipiki na kuifungia ekseli na difu anaendeleza kazi ya zamani na yenye heshima.

Hapa Mwanza kazi hiyo ililetwa na ziwa. Pale Mwaloni, Kirumba, magunia ya dagaa hayangoji. Yalibebwa kichwani na kwa mikokoteni, yakaja maguta ya kukanyaga pedali, kisha yale ya injini, ambayo wengi wetu huyaita toyo. Mwaka 2010 serikali ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Vijiwe vikaongezeka, na karibu na kila kijiwe akakaa fundi. Dereva anayedaiwa hesabu na bosi wake kila jioni hawezi kulaza chombo siku mbili huku fundi anabahatisha. Ndiyo maana kusoma ugonjwa wa injini, mapema na kwa usahihi, ndiko kulikojenga jina la fundi katika mji huu.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, Mabatini, na hakuniruhusu kushika spana nyingine kabla ya ile ya plagi. Plagi ikitoka kavu na nyeusi kwa masizi, mafuta yamezidi hewa: kagua chujio la hewa, kisha kabureta. Ikitoka nyeupe, injini inanyimwa mafuta au inachemka kupita kiasi, na pistoni iko hatarini. Ikitoka imelowa oili, shuku ringi au sili za valvu. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, irudishe ulikoitoa. Baada ya jicho lilifuata sikio. Mlio mzito wa kugonga chini ya injini ulielekeza kwenye konrodi; mlio mwembamba wa juu ulimaanisha valvu zinataka kusetiwa. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilipita kwa mikono yenye oili, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa.

Wakati huo sheria za mbali zilikuwa zinabadilisha injini. Jimbo la California, likipambana na moshi wa magari, lilidai magari ya kuanzia mwaka 1988 yaweze kujipima yenyewe na kuwasha taa yakiugua. Kuanzia mwaka 1996 magari mapya ya abiria Marekani yote yakafuata mfumo mmoja wa namba, OBD-II. Pikipiki zilifuata polepole. India iliposhurutisha viwango vya BS-VI tarehe 1 Aprili 2020, hata pikipiki ndogo zilianza kuacha kabureta na kutumia sindano ya mafuta, sensa na kontroli boksi. Vyombo vingi vya hapa bado ni vya kabureta, lakini vya sindano vinaingia, na vinakuja na lugha yao.

Lugha hiyo si ngumu. Kwenye Honda nyingi za sindano, taa ya injini humweka kwa mpango: mweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mifupi saba, kagua sensa ya joto la injini. Mmoja mrefu na miwili mifupi ni 12, yaani njia ya umeme ya sindano. Kijana aliyemaliza darasa la saba anaweza kuisoma bila mashine yoyote ya kupimia.

Ugumu unaanza pikipiki inapogeuzwa. Ukiondoa gurudumu la nyuma lililokuwa na sensa ya mwendo na kufunga difu, mashine ya kupimia inaweza kukuandikia P0500, namba ya sensa hiyo, kila siku. Hakuna kilichoharibika: sensa haipo tena mahali pake, na kontroli boksi haijui kwamba chombo kimebadilika. Kinyume chake niliwahi kukiona kwenye guta la dagaa lililotoka kuchomelewa. Injini ilizunguka bila cheche, pampu ya mafuta kimya, na mashine ya kupimia haikuonyesha hitilafu hata moja. Mwenye chombo alikuwa ameshashauriwa kununua kontroli boksi mpya. Nilifungua chini ya bodi, nikakuta sensa ya mlalo, ile inayozima injini pikipiki ikianguka, imefungwa ubavu kwa waya ili kupisha chuma. Sensa ilikuwa nzima, na ilikuwa inatoa taarifa kwamba pikipiki imelala chini. Nikaisimamisha wima, nikaikaza kwa bolti, guta likawaka.

Namba inataja saketi. Haijui historia ya chombo. Fundi anaijua, au anapaswa kuiuliza: gurudumu liliondolewa lini, waya upi ulikatwa, betri na kontroli boksi vilichomolewa kabla ya kuchomelea? Umeme wa kuchomelea ukipenya kwenye kontroli boksi, unaweza kuiua moja kwa moja.

Mjomba alitoa elimu ya plagi bure, na kwa elimu hiyo familia nyingi za Mabatini na Buzuruga zimesomesha watoto. Elimu ya namba isifungiwe kwa wachache wenye mashine. Vyuo vya ufundi na gereji zetu viandike orodha za misimbo kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani, na kila chombo kilichogeuzwa kiwe na daftari la kilichokatwa na kilichohamishwa. Ufundi wa mjini hapa ulikua kwa sababu waliojua walifundisha. Sisi tunaojua leo tuna deni hilohilo.