Kupukutisha, si Kupukutika
Ifikapo Julai, mkulagembe uliopandwa kuzunguka lupango, yaani kiwanja cha nyumba, huko Luano karibu na Lubumbashi husimama mtupu: vijani vyake vimekwisha, imebaki miiba. Asiyeijua hali hiyo hudhani umekufa, akaung'oa. Shuleni Lubumbashi hufundishwa kwa Kifaransa kwamba majani ya mti kama huu ni caduc, neno lenye asili ya Kilatini, cadere, kuanguka. Ndiyo maana wengi wanapotafsiri hukimbilia “mti unaopukutika majani”. Istilahi inayofaa, kwa maoni yangu, ni “mti wa kupukutisha majani”. Kupukutika ni jambo linaloupata mti. Kupukutisha ni kazi ya mti wenyewe, na ushahidi uko kwenye kikonyo. Kiangazi kinapokolea, mti huvuta kwanza sehemu ya virutubisho vya jani, kisha hutengeneza tabaka la seli dhaifu pale kikonyo kinapoungana na tawi. Jani hukatikia hapo, na kovu huziba. Sasa vunja tawi bichi la mwembe, uliache likining'inia: majani yatakauka na kuwa kahawia, lakini yatang'ang'ania, kwa kuwa tawi lililokufa haliwezi tena kutengeneza tabaka lile. Miti mingi ya miombo, msitu ambao mwanaikolojia François Malaisse na wenzake waliuchunguza hapo hapo Luano, huchipua majani mapya mvua ikiwa bado haijanyesha. Mti unaopatwa tu na ukame usingeweza hivyo.

Wapo watakaosema “mmea wa msimu” ni fupi na rahisi zaidi. Ni fupi kweli, lakini mkulima akisikia mmea wa msimu huwaza mahindi, yaani mmea unaozaa ukafa. Neno hilo litamrudisha kwenye kosa lile lile la kung'oa. Wengine watasema kupukutisha ni Kiswahili cha vitabuni, si cha Lubumbashi. Basi mtu wa Lubumbashi na aseme mti unaangusha majani: naye ametumia kitenzi cha kutendesha, na maana imebaki salama. Kwa mwenye lupango, tofauti kati ya mti uliopukutisha na mti uliokufa inaonekana kwa macho. Akwangue gome kwa ukucha. Chini yake akikuta ubichi wa kijani, mti umepumzika tu. Na mwiba wa mkulagembe ni kitawi kilichofupika na kuwa kigumu: mvua zikikaribia, aukague kwa karibu, maana majani mapya huweza kutokea kwenye mwiba wenyewe.