Mtangazaji wa Asubuhi na Kesi ya Hague

Mwaka 2028 redio itatimiza miaka 100 nchini Kenya. Ilianza 1928 kwa ajili ya walowezi. Sauti ya Mvita ikafuata Mombasa 1947, kisha Sauti ya Kenya, na KBC mwaka 1989. Sherehe zikija, wakubwa wataisifu mitambo ya zamani. Sijui kama kuna atakayethubutu kumtaja mtangazaji wa asubuhi, yule anayemwambia mkulima kwamba jiji linamdharau.

Mtu huyo Marekani wanamfahamu. Mwaka 1987 serikali yao ilifuta kanuni iliyovitaka vituo vipe nafasi maoni ya pande zote. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mzaliwa wa mji mdogo wa Cape Girardeau, Missouri, akaanza kusikika nchi nzima. Dereva wa lori na mkulima aliye juu ya trekta walimsikiliza kwa saa tatu, akiwacheka wasomi na wanahabari wa miji mikubwa. Waliona kuna anayewatetea.

Kwetu, serikali ilipolegeza masharti ya hewani, mtangazaji wa aina hiyo alifunguliwa mlango na redio za lugha za mama. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, inazilaumu vikali, na Kass FM imo. Joshua arap Sang aliendesha humo kipindi cha asubuhi, Lee Nee Emet, kwa Kikalenjin. Waendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko Hague, walidai alikitumia kuchochea. Yeye alikana, akisema alihubiri amani. Septemba 2013 akapanda kizimbani pamoja na William Ruto, wakati huo Naibu Rais. Hebu fikiria: mtangazaji wa redio ubavuni mwa naibu wa rais! Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisimamisha kesi. Hawakumtangaza kuwa hana hatia. Mashtaka yalifutwa na mlango wa kuyarejesha ukaachwa wazi. Swali la nguvu ya kipaza sauti kwa msikilizaji wa kijijini halikupata jibu.

Idsowe, karibu na Garsen kwenye delta ya Tana, swali hilo lina uzito wake. Wapokomo hulima kandokando ya Mto Tana. Waorma huleta ng'ombe kunywa maji kupitia malka, njia za mifugo za kufika mtoni, na ugomvi wa njia hizo ni wa miaka mingi. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja. Mauaji ya kulipizana yaliendelea hadi mwaka uliofuata, na uvumi ukavuka mto haraka kuliko polisi, kwa simu na kwa midomo.

Baadaye ukaja mradi wa Una Hakika, wa shirika la Sentinel Project la Kanada pamoja na iHub ya Nairobi: mwanakijiji anatuma ujumbe wa simu, uvumi unachunguzwa, anajibiwa. Kazi nzuri, lakini ilipaswa kufanywa na redio ya delta yenyewe, kwa Kipokomo na Kiorma, kabla ya Riketa.