Milki na Mkono: Mashamba ya Rumonge



Wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili katika sheria ya mali. La kwanza ni milki, haki ya mwenye mali hata akiwa mbali nayo. La pili mafaqihi huliita yad, yaani mkono: kuwa na kitu, kulima shamba, kulala ndani ya nyumba. Mpangaji ana mkono juu ya nyumba lakini milki hana. Kwa kawaida yote mawili huwa kwa mtu mmoja, ndiyo maana hatuioni tofauti. Kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika yalitenganishwa kwa damu.

Ukitoka Bujumbura, ukapita Gitaza, mbele utakuta michikichi ya Rumonge hadi Nyanza-Lac. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia sehemu hizi na kuua Watutsi wengi. Kisha jeshi la serikali likaua Wahutu wengi zaidi, nchi nzima. Walionusurika wakakimbilia Tanzania, na wengi wakaishia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika mradi wa michikichi wa serikali.

Sasa shamba ni la nani? Sheria ya ardhi ya 1986 ilisema mwenye kukalia ardhi miaka 30 huweza kuwa mmiliki wake, au 15 ikiwa ana nia njema. Piga hesabu: kutoka 1972 miaka 30 inatimia 2002, na maelfu walikuwa bado Tanzania. Yaani mkono ugeuke milki kwa sababu mwenyewe alifukuzwa! Makubaliano ya Arusha ya 28 Agosti 2000 yalitaka mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 mwanzoni ilipatanisha familia nyingi kwa kugawana shamba. Baada ya 2011 ikaelekea kumrudishia mwenyewe lote.

Hapa Majalla, sheria ya Waothmani iliyotungwa 1869 hadi 1876, inafaa kusomwa, ingawa haikutumika kwetu kamwe. Inasema haki haifutiki kwa kupita muda. Kadhi hasikilizi madai mengi baada ya miaka 15, lakini miaka ambayo mdai alikuwa mtoto, au yuko nchi ya mbali, au mpinzani wake ana nguvu za kumtisha, haihesabiwi. Ukiisoma utadhani iliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulyankulu.

Hata hivyo simwiti mwizi kila aliyekutwa shambani. Wapo waliopewa na serikali, na wapo walionunua kwa pesa zao wakazaa na kuzika hapo. Fiqhi inampa mnunuzi haki ya kumdai muuzaji bei aliyolipa. Lakini aliyegawiwa bure na serikali amdai nani? Na waliorudi, wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Shahidi wa mpaka alikuwa mzee wa jirani, kama bado yu hai.