Unataka kusambaza vibarua saiti? Zijue kodi zako kwanza



Kuna swali naulizwa na vijana karibu kila wiki: "Kaka, nina vijana ishirini mtaani, mafundi na saidia fundi. Kuna mkandarasi anataka watu. Nifungue kampuni, niwapeleke saiti, nikate asilimia yangu?" Jibu langu ni kwamba biashara ipo. Ila mimi kazi yangu ni kutunza mahesabu, na naona wengi wanakwama palepale: hela inayopita mkononi ni nyingi, iliyo yako ni kidogo, na kodi nyingine hazijali tofauti hiyo. Haya ni ya Tanzania Bara.

1. NANI MWAJIRI?

Hili ndilo swali mama. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinataka uwe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na ni marufuku kumtoza mtafuta kazi hela. Ziliwabana pia mawakala waliokuwa wakiajiri watu kwa jina lao na kuwakodisha kwa makampuni. Kwa hiyo kuna njia mbili:

A: Unatafuta watu, unamkabidhi mkandarasi, yeye anawaajiri na kuwalipa. Wewe unalipwa kamisheni tu.

B: Unachukua kipande cha kazi kama mkandarasi mdogo wa nguvukazi. Watu ni wako, mishahara unalipa wewe, mzigo wote wa mwajiri ni wako. Kabla ya kusaini, uliza CRB na ofisi ya kazi kama usajili wako unakuruhusu.

Mkataba useme wazi ni ipi. Ukiacha hewani, siku mtu akianguka kwenye jukwaa kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

2. USAJILI

Kampuni unasajili BRELA. TIN unachukua TRA ndani ya siku 15 tangu uanze biashara, na ni bure, usimpe mtu hela ya TIN. Kisha leseni ya biashara, na mashine ya EFD kwa ajili ya risiti. Kwa njia B ongeza NSSF na WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Halmashauri nayo ina ushuru wa huduma unaohesabiwa kwenye mauzo, uliza mapema.

3. MAKATO YA MISHAHARA (NJIA B)

- PAYE: tangu Julai 2021, mshahara hadi 270,000 kwa mwezi hauna kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni 8% ya kinachozidi. Juu ya hapo viwango vinapanda hadi 30%. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi unatolewa kabla ya kupiga kodi.
- NSSF: 20% ya mshahara, kwa kawaida nusu anakatwa mfanyakazi na nusu unatoa wewe.
- SDL: inakuhusu ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi. Julai 2023 ilishuka kutoka 4% hadi 3.5%. Haikatwi kwa mfanyakazi, unalipa mwenyewe.
- WCF: 0.5%, nayo ni ya mwajiri.

Kuna watu wanasema kibarua hahesabiwi. Si kweli. Malipo ya vibarua yanaingia kwenye SDL, hata kama mshahara wao haufiki kiwango cha PAYE.

4. TUPIGE HESABU

Chukua vibarua 20, kila mmoja 15,000 kwa siku, siku 26. Kila mtu anapata 390,000, jumla 7,800,000 kwa mwezi. Umekubaliana kamisheni ya 10%, yaani 780,000. Kijana wa haraka haraka anaandika ankara ya 8,580,000 na kujiona ametoka. Sasa angalia upande wa mwajiri:

NSSF 10%: 780,000
SDL 3.5%: 273,000
WCF 0.5%: 39,000
Jumla: 1,092,000

Kamisheni yote imeisha na bado unadaiwa 312,000 za mfukoni kwako. Hapo hujalipa nauli wala vocha. Wengi wakifika hapa "wanasahau" NSSF, na anayeumia ni yule kibarua aliyebeba zege mwaka mzima akijua ana akiba.

Ankara sahihi ni mishahara + mzigo wa mwajiri + kamisheni: 7,800,000 + 1,092,000 + 780,000 = 9,672,000. Mkandarasi akisema bei ni kubwa, muonyeshe mchanganuo. Asipokubali, mwache, hiyo si dili.

PAYE haipo kwenye ankara kwa sababu inatoka kwenye mshahara wa mtu. Kwa mfano huu ni 390,000 toa 39,000 ya NSSF, inabaki 351,000. Inayozidi 270,000 ni 81,000, na 8% yake ni 6,480 kwa kila mmoja.

5. KODI YA ZUIO, MWIBA WENYEWE

Mkandarasi akikulipa huduma anatakiwa azuie 5% na kuipeleka TRA. Kwenye kazi za ujenzi zenye vifaa, zuio linapigwa kwenye sehemu ya huduma tu, kwa uwiano wa 3 vifaa na 2 huduma. Wewe huna saruji wala nondo, una watu tu, kwa hiyo 5% inapigwa kwenye ankara nzima: 483,600. Kwenye kamisheni yako ya 780,000 mkononi zinabaki 296,400.

Hela hiyo haijapotea, ni kodi yako iliyolipwa mapema. Lakini lazima udai cheti cha zuio kila unapolipwa. Bila cheti hudai kitu. Na bado mtaji unakubana: kodi ya kampuni ni 30% ya faida, yaani kwenye 780,000 haizidi 234,000, wakati umeshazuiwa zaidi ya mara mbili yake. Kinachozidi utakidai TRA, na mishahara haisubiri.

Kwa njia A zuio ni 5% ya kamisheni tu: 39,000.

6. VAT

Tangu Julai 2023 unalazimika kusajiliwa mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12, au milioni 100 kwa miezi sita. Saiti moja ya mfano wetu ni kama milioni 116 kwa mwaka, bado. Saiti mbili ni milioni 232, umeingia. Hapo unaongeza 18% juu ya ankara nzima, mishahara ikiwemo, na kwenye mishahara hakuna VAT ya manunuzi ya kujirudishia. Hiyo 18% ni ya serikali, usiinunulie pikipiki.

7. TAREHE

- Tarehe 7 ya mwezi unaofuata: PAYE na SDL, pamoja na zuio kama na wewe umezuia mtu.
- Tarehe 20: ritani ya VAT.
- Ndani ya mwezi unaofuata: NSSF na WCF.
- Machi, Juni, Septemba na Desemba: awamu za kodi ya mapato uliyokadiria (kwa mwaka unaoisha Desemba). Ritani ya mwisho ni ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha.

Ritani unapeleka hata kama mwezi huo hukuwa na kazi. Na kila Julai angalia Sheria ya Fedha mpya, viwango hubadilika.

Ushauri wangu kwa anayeanza na mtaji mdogo: nenda njia A. Kamisheni inaonekana ndogo, lakini unalala usingizi na vijana wako wanachangiwa na mwajiri mwenye uwezo. Njia B isubiri uwe na akiba ya mishahara ya miezi miwili, maana wakandarasi wetu kwa kuchelewesha malipo tunawajua.

Mwenye swali au mwenye kuongezea aweke hapo chini. Naomba kuwasilisha.